Vifaa vya Bomba, Hita na Ufundi wa Nyumbani: Jinsi ya Kuvichagua, Kuvikagua na Kuvitunza

Saa mbili usiku, kiungo cha bomba chini ya sinki la jikoni kilianza kuchuruzika. Nilikuwa na spana malaya moja tu, na taya lake linalohama lilikuwa limelegea hadi linacheza ukilisukuma kwa kidole. Nilibana nati, nikavuta, ikateleza. Nikabana tena, ikateleza tena, na kila ilipoteleza ilikwangua unga wa shaba kwenye pembe za nati. Mara ya nne nati ilikuwa karibu duara. Kazi ya robo mzunguko ikageuka kazi ya kukata bomba, kutafuta kiungo kipya na kulala bila maji.

Ubovu wa spana ile niliujua kwa miezi mingi. Ndiyo maana mwongozo huu unatilia mkazo ukaguzi kuliko ununuzi: kifaa kikaguliwe dukani kabla hujakilipia, kikaguliwe tena nyumbani kabla hakijagusa kazi, kisha kifutwe kabla hakijarudi sandukuni. Vifaa vichache vinavyotendewa hivyo vinamaliza karibu kila kazi ya bomba, hita na matengenezo madogo ambayo mtu asiye fundi anapaswa kuigusa.

HATUA YA 1: ZUNGUKA NYUMBA NA KARATASI

Usianze na seti kubwa ya sanduku yenye vipande mia. Nyingi zimejaa soketi ndogo za injini ambazo hutazigusa maishani, na hazina hata spana moja inayofungua nati ya sinki. Chukua karatasi, penseli na futi, uzunguke nyumba yako. Andika vali kuu ya maji iko wapi na kama inazunguka kweli. Vali isiyozungushwa kwa miaka huganda, na hutaki kuligundua hilo siku bomba limepasuka. Andika mabomba yako ni ya nini: chuma, shaba nyekundu, au plastiki ya PVC au PPR. Andika hita ni ya umeme au ya gesi, ina tangi au haina. Piga magoti uangalie chini ya kila sinki kama mkono wako unazifikia nati za koki. Mwisho angalia vichwa vya skrubu kwenye bawaba, soketi za umeme na makabati.

Hapo kwenye vipimo vya mabomba ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo. Hesi ya bomba (ile mistari ya kuzungushia) inayoitwa "nusu inchi" ukiipima kwa nje utapata karibu milimita 21, wakati nusu inchi ya kweli ni milimita 12.7. Robo tatu inchi hupima karibu milimita 26.4, na inchi moja karibu 33.2. Majina hayo yametokana na upana wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, na yamebaki hata baada ya unene wa kuta kubadilika. Mabomba ya PPR na ya shaba nyekundu ya vipimo vya milimita huitwa kwa upana wa nje, ndiyo maana PPR ya milimita 20 huunganishwa na koki ya nusu inchi, na ya 25 huenda na robo tatu. Ukiyajua haya, hutarudi dukani mara tatu kwa kiungo kimoja.

Jambo lingine la kuangalia ni aina ya hesi. Hesi za mfumo wa Uingereza zina pembe ya digrii 55, za mfumo wa Marekani digrii 60. Kwenye nusu inchi na robo tatu, mifumo yote miwili ina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo vitu viwili visivyolingana vitaanza kushikana kabisa kana kwamba ni ndugu. Vitazunguka mara mbili au tatu, vitakuwa vigumu, na vitavuja milele hata ukiweka tepu kilo nzima. Kiungo kikigoma mapema, usikiongezee nguvu. Kitoe uangalie alama zake.

HATUA YA 2: SPANA, MAANA NDIZO ZITAKAZOFANYA KAZI NYINGI

Kwa mabomba ya nyumbani ninashauri uanze na tatu. Spana malaya ya milimita 250, inayofunguka hadi karibu milimita 30. Koleo la pampu, lile la mikono mirefu ambalo mdomo wake unahamishwa hatua kwa hatua, nalo la milimita 250. Na spana ya bomba ya inchi 14, ambayo hushika mabomba hadi inchi 2. Kama nyumba yako ina mabomba ya chuma, nunua spana za bomba mbili. Sababu yake nitaieleza.

Dukani, spana malaya ikague hivi:

1. Fungua mdomo hadi nusu, kisha sukuma taya linalohama kwa kidole gumba, kushoto na kulia. Mtikisiko mdogo sana hauepukiki. Likiinama au likicheza hadi unalisikia likigonga, rudisha.

2. Funga mdomo kabisa uinue spana kwenye mwanga. Mwanga ukipita mwembamba na sawasawa, au usipopita, mataya yako sambamba. Ukiona pembe yenye umbo la V, spana hiyo itashika nati kwa nukta mbili tu na kuila.

3. Zungusha gurudumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Lisikwame popote, na lisirudi lenyewe ukiitikisa spana.

4. Angalia chuma chenyewe. Chuma cha kufuliwa kina uso uliobana. Ukiona vitundu vidogo kama vya mkate kwenye shingo au ndani ya mdomo, hicho kimesubiwa vibaya na kitavunjika siku utakapokitegemea. Alama ya Cr-V humaanisha chuma kilichochanganywa kromu na vanadi, lakini alama yeyote anaweza kuigonga. Macho yako na kidole gumba viaminike zaidi.

Matumizi nayo ni sehemu ya utunzaji, kwa sababu spana huharibika mkononi kuliko inavyoharibika sandukuni. Spana malaya huzungushwa kuelekea upande wa taya linalohama, ili uzito ubebwe na taya lisilohama, ambalo ni sehemu ya mwili wa spana. Ukigeuza kinyume, nguvu yote inaliangukia lile taya dogo na gurudumu lake, na hivyo ndivyo linavyoanza kucheza. Kaza mdomo upya kila unapoiondoa spana na kuirudisha kwenye nati. Na uvute kuelekea kwako, usisukume; ikiteleza unaposukuma, vifundo vya vidole ndivyo vitakavyogonga ukuta.

Spana ya bomba ni kitu tofauti kabisa. Daniel Stillson alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1869, na muundo haujabadilika sana tangu hapo: mataya yenye meno, moja likiwa limelegea makusudi ili ukivuta mpini liume zaidi. Kwa hiyo inafanya kazi upande mmoja tu, upande ambao mdomo umefunguka. Ukiiweka, acha nafasi ndogo kati ya bomba na mgongo wa ndoano, yaani lile taya la juu lililopinda. Bomba likigusa mgongo ule, mataya hayawezi kuuma, nayo itateleza. Usiitumie kamwe kwenye nati za pembe sita wala kwenye koki zilizopakwa kromu, maana meno yake huacha makovu yasiyofutika. Kwenye koki tumia spana malaya iliyofungwa kitambaa mdomoni.

Sasa sababu ya kununua mbili. Unapofungua kiungo cha chuma kwa spana moja, nguvu yako haiishii kwenye kiungo. Inasafiri na bomba hadi ndani ya ukuta na kulegeza kiungo kingine usichokiona, nawe utaligundua hilo wiki mbili baadaye kwa doa la maji kwenye rangi. Spana ya kwanza ishike bomba lisizunguke, ya pili ifungue. Midomo ielekee pande zinazopingana, mipini ikae karibu karibu, hadi unaweza kuibana kama unayebana mkasi. Na usirefushe mpini kwa kuchomeka bomba mwisho wake. Kikigoma, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri nusu saa, gonga kiungo taratibu pande zote kwa nyundo, ujaribu tena, au tumia spana kubwa zaidi.

Kuna kifaa kimoja ambacho watu huahirisha kukinunua hadi shingo iwaume: spana ndefu ya sinki, yenye fimbo wima na mdomo mdogo unaogeuka juu. Ndiyo pekee inayofika kwenye nati za koki nyuma ya beseni bila wewe kuling'oa beseni. Kama kwenye karatasi yako uliandika kwamba mkono hauzifikii nati, inunue sasa.

HATUA YA 3: VIFAA VYA KUKATA NA KUUNGANISHA

Msumeno wa chuma ni rahisi, ila bledi yake ina kanuni. Meno angalau matatu yawe juu ya chuma muda wote, la sivyo ukuta wa bomba unaingia kati ya jino na jino na kulikata. Kwa chuma kinene chagua bledi yenye meno 18 kwa inchi, kwa mabomba 24, kwa vitu vyembamba sana 32. Meno yaelekee mbele, mbali na mpini, na ukandamize unaposukuma tu. Ukimaliza, legeza skrubu ya fremu mzunguko mmoja au miwili ili fremu isikae imejivuta.

Kwa shaba nyekundu tumia kikata bomba cha gurudumu. Kaza kidogo tu, robo mzunguko kila unapolizunguka bomba mara moja. Ukikaza kwa pupa bomba linabonyea, na bomba lililobonyea halikai vizuri ndani ya kiungo. Baada ya kukata, kwangua makali ya ndani. Kiungo cha kubana chenye pete ya shaba kikazwe kwa mkono hadi kikome, kisha mzunguko mmoja au zaidi kidogo kwa spana. Watu hukaza hadi pete inaponda bomba, halafu wanashangaa kwa nini kinavuja zaidi. Kwa kulehemu mabomba ya maji ya kunywa, tumia lehemu isiyo na risasi, na ufute dawa ya lehemu kwa kitambaa chenye maji mara kiungo kinapopoa. Dawa ile hula shaba, na inakula pia koleo ulilolishikia.

Mashine ya kuchomea PPR inastahili maelezo marefu, kwa kuwa imeingia kwenye nyumba nyingi na wengi wanaiharibu wiki ya kwanza. Ni sahani ya moto yenye soketi mbili, moja ya kuingiza bomba na nyingine ya kuvika kiungo, zote zimepakwa tefloni. Unapoichagua, angalia kwanza ngozi ya tefloni: iwe laini, bila mkwaruzo hata mmoja. Halafu angalia kama inasimama imara kwenye stendi yake, maana mashine inayoanguka ikiwa na moto wa digrii 260 si ya kuchezewa.

Digrii 260 ndiyo joto la kazi. Iwashe, subiri taa ionyeshe imefika, kisha ngoja dakika chache zaidi ili soketi zishike joto sawasawa. Kata bomba kwa mkasi wake, lipanguse likauke, weka alama ya penseli pale litakapoishia ndani ya kiungo. Kwa bomba la milimita 20 ni karibu milimita 14. Sukuma bomba na kiungo kwenye soketi kwa pamoja, bila kuzungusha. Bomba la milimita 20 hukaa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Vitoe, uviunganishe papo hapo kwa kusukuma moja kwa moja hadi kwenye alama. Una sekunde nne hivi. Ukikosea pembe rekebisha mara moja kidogo tu, kisha ushike bila kutikisa na uache kiungo kipoe dakika mbili, au nne kwa bomba la milimita 32, kabla ya kukiegemeza mzigo wowote. Pete mbili ndogo za plastiki zilizobinuka pembeni ndizo dalili ya kiungo kizuri. Ukizidisha muda, plastiki inajikunja ndani na kuziba njia ya maji, na hutajua mpaka koki itoe maji kama uzi.

Utunzaji wa mashine hii ni mmoja na hauna mjadala: soketi hufutwa kwa kitambaa kikavu cha pamba zikiwa bado na moto, kila baada ya viungo vichache. Usiguse kwa kisu, brashi ya waya wala msasa. Tefloni ikishakwaruzwa, plastiki itang'ang'ania pale kila mara, itaungua, na mabaki meusi yataingia ndani ya viungo vyako. Vaa glavu unapofuta. Soketi zilizobanduka zibadilishe. Huuzwa peke yake.

Kuhusu tepu nyeupe ya tefloni: elekeza mdomo wa hesi usoni kwako, ufunge kufuata mwendo wa saa, ukiivuta tepu ikaze mpaka uone umbo la hesi chini yake. Acha jino la kwanza wazi ili vipande visiingie kwenye maji. Ukifunga kinyume, kiungo kitaikunjua unapokaza. Itunze ndani ya kopo lake. Tepu iliyobeba mchanga ni kazi ya bure.

HATUA YA 4: KAZI ZA HITA, NA MPAKA WAKO UNAPOISHIA

Kazi ya gesi mwachie fundi aliyeidhinishwa. Unachoweza kufanya mwenyewe ni kupaka maji ya sabuni kwenye viungo vya mpira wa mtungi na kuangalia kama mapovu yanakua. Yakikua, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote.

Kwa hita ya umeme yenye tangi, kifaa unachokihitaji kuliko vyote ni mita ya kupimia umeme. Chagua iliyoandikwa CAT III 600 V au zaidi, yenye waya za kupimia ambazo ngozi yake haijapasuka na ncha zake zimefunikwa karibu hadi mwisho. Bisibisi ya testa yenye taa ndogo ndani isikufariji. Taa inaweza kukosa kuwaka ilhali umeme upo. Bisibisi na koleo za umeme ziwe na alama ya 1000 V na pembetatu mbili zilizoingiliana. Mpini wa plastiki wa kawaida, hata uwe mnene namna gani, haukutengenezwa kukukinga.

Hivi ndivyo unavyojua kama elementi ya hita, yaani chuma kinachochemsha maji, imeungua, bila kununua nyingine kwa kubahatisha:

1. Zima kwenye kikata umeme cha hita, na umwambie kila aliye nyumbani.

2. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, uone mita inasoma. Kisha pima kwenye vituo vya hita. Kisha rudi upime pale pa kwanza. Mita iliyokufa katikati ya kazi husoma sifuri kila mahali, na sifuri hiyo imeua watu.

3. Chomoa waya za elementi, weka mita kwenye omu, upime kati ya ncha zake mbili. Kipimo cha kutarajia unakipata kwa kuzidisha volti kwa volti na kugawanya kwa wati zilizoandikwa kwenye elementi. Kwa volti 230, elementi ya wati 1500 itasoma karibu omu 35, ya wati 2000 karibu 26, ya wati 3000 karibu 18. Mita isiposoma kitu, yaani ikionyesha OL au alama ya kuzidi kipimo na si sifuri, elementi imekatika ndani.

4. Pima sasa kati ya kila ncha na mwili wa tangi. Hapa mita isisome chochote, ibaki kwenye alama ile ile ya kuzidi kipimo. Ikisoma namba, hata sifuri, elementi inavujisha umeme, na hiyo ndiyo inayofanya kikata umeme kianguke kila mara.

Kubadilisha elementi kunahitaji spana ya kopo ya kipimo chake halisi. Usijaribu na koleo la pampu, maana nati ile ni nyembamba na huliwa mara moja. Toa maji yote, badilisha gasketi hata kama ya zamani inaonekana nzima, na kabla ya kurudisha umeme fungua koki ya moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Elementi ikiwashwa nje ya maji huungua ndani ya muda mfupi sana.

Ukiwa hapo, ikumbuke na anodi. Ni fimbo ya magnesiamu, au alumini kwenye baadhi ya matangi, iliyowekwa iliwe na kutu badala ya chuma cha tangi. Baadhi ya matangi yana nati yake juu, nyingi za milimita 27. Mengine anodi imeshikana na bamba la elementi. Tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, na mpini mrefu. Iangalie kila mwaka au miaka miwili. Waya wa katikati ukianza kuonekana, fimbo imemaliza kazi na kutu inahamia kwenye tangi lenyewe. Tangi nyingi hutupwa kwa kuvuja zikiwa hazijawahi kubadilishiwa fimbo hiyo hata mara moja, na hilo linaniuma kila ninapoliona.

Vali ya usalama isizibwe kamwe, hata kama inadondosha. Inadondosha kwa sababu ina jambo la kukuambia kuhusu presha au joto. Na maji ya tangi yawekwe kwenye digrii 60 hivi. Yakikaa vuguvugu kwa muda mrefu yanakuza bakteria wa legionela.

Kwa nyumba zenye radieta, kifaa ni kimoja kidogo: ufunguo wa kutolea hewa. Zima mfumo upoe, shika kitambaa chini, fungua nusu mzunguko, hewa izomee, funga maji yanapotoka bila kukatika. Kisha angalia geji ya boila. Ukiwa baridi mfumo wa kawaida huwa kati ya bar 1 na 1.5.

HATUA YA 5: VIFAA VYA KAWAIDA AMBAVYO WATU HUVIHUKUMU VIBAYA

Futi ya chuma ina ndoano inayocheza kwenye ncha. Si ubovu. Inasogea kiasi cha unene wake yenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiivuta kwenye ukingo au ukiisukuma ukutani. Ukiigonga na kuikaza, umeiharibu. Ubovu wa kweli ni ndoano iliyopinda, au futi inayoachiwa ijirudishe kwa kishindo kila mara mpaka tundu za ribiti zinapanuka.

Pimamaji huhakikiwa hivi: iweke juu ya ukingo, tazama kipovu, igeuze mwisho kwa mwisho pale pale, utazame tena. Kipovu kikikaa tofauti, pimamaji inadanganya. Fanya hivyo dukani, ukingo wenyewe hata usipokuwa sawa haidhuru.

Bisibisi za nyota ziko za aina mbili zinazofanana, PH (Phillips) na PZ (Pozidriv). Skrubu ya PZ ina mistari minne myembamba ya ziada kati ya mikono ya msalaba. Bisibisi ya PH kwenye skrubu ya PZ itaruka na kuila. Nunua namba 2 ya kila aina, nazo zitakufaa kwenye skrubu nyingi za nyumbani.

Pampu ya kuzibulia nayo ni mbili: ya kikombe bapa kwa sinki, yenye shingo inayotokeza kwa choo. Waya wa kuzibulia usuuze, ukaushe na uupake mafuta kabla ya kuukunja, la sivyo utautoa mwaka ujao ukiwa mrija wa kutu. Na kama mtu ameshamwaga dawa ya kuzibua kwenye bomba, usiingize waya wala mkono. Dawa hizo zisichanganywe kamwe. Siki ikikutana na dawa ya klorini hutoa gesi ya sumu.

HATUA YA 6: RATIBA YA UTUNZAJI

Baada ya kila kazi, dakika tano. Futa maji na jasho. Chumvi ya mikono ndiyo huacha alama za vidole za kutu kwenye chuma. Pitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya mashine. Pangusa meno ya spana ya bomba kwa brashi ya waya, maana yakijaa mabaki ya tepu na kutu hayaumi. Usirudishe kifaa chenye unyevu ndani ya sanduku lililofungwa. Heri kilale juu ya meza.

Kila miezi mitatu hivi, toa kila kitu. Tia tone la mafuta kwenye gurudumu la spana malaya, kwenye misumari ya makoleo, na kwenye gurudumu la kikata bomba. Piga brashi tupa kufuata mistari yake. Angalia kichwa cha tindo: kikichanua kama uyoga, kisage mpaka kiwe wima tena, kwa sababu vipande vinavyoruka pale hulenga macho. Nyundo inayocheza mpinini ipigiliwe kabari mpya leo. Mipini ya mti ipake mafuta ya kitani, na kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke. Ukikikunja na kukitupa kwenye pipa kinaweza kujipasha moto na kuwaka chenyewe.

Betri za lithiamu za drili zipoe kabla ya kuchajiwa, zisichajiwe kwenye baridi ya chini ya sifuri, na kama hutazitumia kwa miezi zihifadhiwe zikiwa na chaji ya karibu nusu, mahali pasipo joto. Biti za kutobolea zege zisitumike kwenye chuma, na biti za chuma zizungushwe polepole na mafuta. Biti ikigeuka rangi ya buluu, huenda joto limeshaila nguvu yake.

Kwa kifaa kilichoshikwa na kutu, fanya hivi: ondoa mafuta kwa sabuni, kilaze kwenye siki nyeupe usiku kucha, asubuhi kisugue kwa brashi. Kisha kisuuze kwa maji yenye magadi soda ili asidi iishe, kikaushe upesi kwa kitambaa na hewa ya moto, ukipake mafuta palepale. Ukichelewa, kutu mpya ya rangi ya chungwa itarudi kabla ya jioni. Vifaa vilivyopakwa kromu visilazwe kwenye siki. Ngozi yao inaweza kubanduka.

Mwisho, toa vilivyokwisha. Soketi yenye ufa huwezi kuilehemu. Spana ya bomba ikipoteza meno, uliza kwanza kama mataya yake huuzwa peke yake. Bisibisi ya 1000 V iliyokatika ngozi hata sehemu ndogo isiguse umeme tena, na usiizungushie tepu ukaiita nzima. Spana malaya iliyolegea ipeleke kwenye chuma chakavu wiki hii hii, kabla bomba halijaanza kuchuruzika usiku.